Singe Imekwama, Ina Kutu, Haisomeki: Mwongozo kwa Wakusanyaji wa Tanga

Tanga ni moja ya miji michache ya pwani ambako singe ya vita, kile kisu cha kufungwa kwenye mtutu wa bunduki, bado inaokotwa. Mapigano ya Novemba 1914 yalipiganwa humu mjini, kutoka Raskazone walikoshuka wanajeshi wa Uingereza na India hadi karibu na kituo cha reli. Januari 1915 moto ukahamia Jasin, kule mpakani. Julai 1916 Waingereza wakauchukua mji, na baada ya hapo askari wa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, wakaendelea kuja na kuondoka hadi Vita vya Pili vikaisha. Ndiyo maana singe hutokea darini, shambani, na mara nyingi zaidi kwenye rundo la vyuma chakavu vinavyosubiri mizani.

Kinachoniuma ni kwamba nyingi zinaharibikia mikononi mwa aliyezipata, baada ya kuvumilia vita na chumvi kwa miaka mia. Mtu anaokota singe asubuhi, jioni ameshaipitisha kwenye grenda, inang'aa kama kijiko kipya, na jina la kiwanda limeondoka pamoja na kutu. Malalamiko ninayoletewa yanajirudia, kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili. Kila dalili inaanza na chanzo kinachotokea mara nyingi na kipimo kisichogharimu kitu.

Kanuni moja inatangulia yote: soma kabla hujasafisha. Herufi zilizogongwa kwenye chuma ndizo kitambulisho cha singe, na hazikuzama ndani sana. Msasa wa dakika mbili unatosha kuzimaliza. Piga picha pande zote kwenye mwanga wa mchana kabla hujagusa chochote.

Wakati wa kusimama kabla hujaanza

Ukikuta singe pamoja na risasi, bomu au chuma chochote cha duara usichokijua, usikiinue, usikigonge, usikipakie kwenye pikipiki. Weka alama kwa mbali, zuia watoto, piga simu polisi. Baruti ya 1914 haijafa kwa sababu tu imezeeka.

Ikiwa imeshikana na bunduki, hata bunduki iliyooza, hilo tayari ni suala la Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Polisi kwanza.

Ikiwa iko makaburini au kwenye eneo la kihistoria, iache ilipo. Kuchimba maeneo hayo kunahitaji kibali cha mamlaka ya mambo ya kale, na kutoa kitu cha kale nje ya nchi nako kuna kibali chake. Makaburi ya askari wa vita hivyo yapo hapa mjini na yanatunzwa. Anayechimba pale hakusanyi historia, anaiba kwa wafu.

Singe za bunduki za kisasa, zile za SMG, usizinunue kabisa. Huenda ni mali ya jeshi iliyopotea. Na hata iliyo yako kihalali, usisafiri nayo kwenye basi kabla hujauliza kituo cha polisi cha eneo lako utaratibu ukoje.

Dalili: singe haitoki kwenye ala

Chanzo cha kwanza ni grisi ya kale iliyoganda. Singe zilizowekwa stoo zilipakwa grisi nzito, nayo ikikaa miaka inageuka gundi. Kinachofuata ni kutu ya mdomoni, hasa kwenye ala za chuma za Kijerumani. Cha tatu ni ngozi iliyosinyaa: ala ya singe ya Kiingereza ya muundo wa 1907 ni ngozi yenye chuma mdomoni na nchani, na ndani ya chuma cha mdomo mna springi bapa zinazoizuia singe isichezecheze. Springi hizo zikila kutu zinauma bapa. Mara chache zaidi utakuta ala si yake, mtu aliilazimisha zamani. Bapa kupinda ndani ya ala ni nadra.

Kipimo cha kwanza: shika ala, tikisa mpini taratibu. Ukicheza hata kidogo sana, ni grisi au springi, na itatoka. Usipocheza kabisa, ni kutu au ngozi.

Kwa ala ya chuma, isimamishe mdomo juu, dondoshea mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya cherehani, matone machache kuzunguka mdomo, uache hadi kesho. Rudia. Ikiwa ni grisi, nusu saa juani inasaidia kuilainisha. Tazama pia pembeni mwa mdomo: ala nyingi za Kijerumani zina skrubu ndogo inayoshika kipande cha ndani. Ikifunguka kwa bisibisi inayoenea vizuri, kipande chote kinatoka na singe inaachia. Bisibisi ikiteleza mara ya kwanza, acha. Kichwa cha skrubu kikishaliwa hakirudi.

Kwa ala ya ngozi, mafuta ya taa yasiguse ngozi, yanaikausha na kuifanya ipasuke. Tumia bomba la sindano kudondoshea mafuta ya cherehani kwenye chuma cha mdomo peke yake.

Kuvuta ni kazi ya watu wawili, mmoja ala, mmoja mpini, kwa mstari ulionyooka bila kunyonga. Jiliwa inaponda ala, nyundo kwenye kinga ya mkono inalegeza mpini. Ikiwa baada ya wiki nzima ya matone haijasogea, simama. Singe iliyokwama ndani ya ala yake ya asili ni kitu kamili. Bora hivyo kuliko singe iliyotoka ikiacha ala imepasuka mshono.

Dalili: unaondoa kutu, baada ya wiki imerudi

Hii ndiyo dalili ya Tanga. Mkusanyaji wa Arusha akipaka mafuta mara moja anakaa miezi. Hapa upepo wa bahari unaingia hadi kabatini.

Anza kwa kutofautisha kutu mbili. Ile nyeusi au kahawia iliyokolea, laini ukiipitishia kidole na isiyoacha unga, imetulia. Inakilinda chuma, iache. Ile ya rangi ya chungwa inayochafua kidole ndiyo inayokula. Vyanzo vyake ni hivi, nilivyozoea kuviona kwa wingi:

Jasho la mikono linaongoza. Kila mgeni anayeonyeshwa singe anaishika bapani, na alama za vidole zinajitokeza kwa kutu siku chache baadaye. Dawa ni kushika kwa kitambaa au glovu na kufuta kila baada ya kushika.

Kinachofuata ni kuihifadhi ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunyonya unyevu hewani, na dawa zilizotumika kuilainisha kiwandani zina tindikali. Singe na ala vikae pamoja kwenye boksi moja lakini kila kimoja peke yake. Vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vikusanye, vinafaa sana.

Kisha kuna mafuta yasiyofaa. Watu wengi hapa wanapaka mafuta ya nazi, kwa kuwa yapo nyumbani na bibi alipakia kisu chake. Kisu kinatumika kila siku, singe inakaa. Mafuta ya nazi yanachacha, yanavuta wadudu, na kwenye shaba yanaleta ukijani. Mafuta ya cherehani kwa utando mwembamba ndiyo bora kwa matumizi ya kawaida. Kwa singe utakayoiweka muda mrefu, nta ya nyuki iliyoyeyushwa, ikapakwa nyembamba na kusuguliwa kwa kitambaa, inashinda mafuta kwa sababu haivuti vumbi.

Chanzo kigumu ni chumvi iliyozama ndani ya chuma. Utaiona kwa vitone vidogo vya maji ya kahawia vinavyojitokeza juu ya bapa hata chumbani pakavu, na magamba yanayobanduka. Hii ni singe iliyokaa baharini, mikokoni au kwenye mchanga wa ufukweni. Pwani yetu ina historia ya namna hiyo: Aprili 1915 meli ya Wajerumani, Rubens, iliyojifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilishambuliwa na manowari ya Uingereza ikaishia kwenye ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Bunduki na risasi zake nyingi ziliopolewa majini zikakaushwa na kutumika. Chuma kilicholoweka namna hiyo kinabeba chumvi hadi leo.

Sasa usafishaji wenyewe. Anza na mswaki mkavu. Kisha mafuta ya taa na mswaki. Kutu ngumu ikibaki, ikwangue kwa ukingo wa kipande cha shaba, kwa kuwa shaba ni laini kuliko chuma cha singe na haitaikwaruza. Stilwaya ya jikoni ni kali mno, na brashi ya waya usiiguse. Sehemu zenye herufi, tumia kijiti cha meno tu.

Siki na ndimu watu wanazipenda kwa kuwa zinaonyesha kazi haraka. Zinakula kutu, halafu zinaendelea na chuma, na kingo za herufi ndizo zinazoanza kulika. Kwenye singe yenye chapa sizipendekezi hata kidogo.

Kwa chumvi, chuma kinahitaji kulowekwa kwenye maji yaliyoyeyushiwa kaboneti ya sodiamu, yabadilishwe mara kwa mara kwa wiki kadhaa. Tumia yale maji safi ya kuongezea betri, si ya bomba, na hakikisha muuzaji hajakupa asidi ya betri, maana zinakaa rafu moja. Magadi ya sokoni hayafai, yana chumvi yake mwenyewe. Hii inafanyika kwa bapa peke yake. Ikiwa mpini wa mbao haufunguki, usiloweke. Na ukiona magamba yanabanduka na unene wa bapa, usiendelee hata hatua moja. Hapo ni kazi ya mtaalamu wa uhifadhi wa makumbusho. Ukiingiza umeme wa chaja ya betri kama wengine wanavyofundishana, unaweza kubaki na sindano ya chuma na ndoo ya tope, tena hewa inayotoka kwenye ndoo hiyo inalipuka ikikutana na cheche.

Moto je? Usiuthubutu. Singe imepewa ugumu wake kwa joto lililopimwa. Ukiona chuma kimegeuka rangi ya majani makavu au buluu, ugumu wa kiwandani umeshaanza kuondoka.

Dalili: kitufe cha kufungia hakirudi

Kitufe kilicho kichwani mwa mpini ndicho kinachoishika singe kwenye bunduki. Kinakwama kwa uchafu, halafu kwa grisi iliyoganda, halafu kwa springi iliyovunjika.

Kwa singe za Kiingereza za 1907, tafuta tundu dogo la duara lililotobolewa kichwani mwa mpini. Tundu hilo lilianza kuwekwa mwaka 1916, kwa ajili ya tatizo hili hili: tope lilijaa kwenye mfereji wa kichwa na singe ikakataa kukaa kwenye bunduki. Pitishia kijiti cha mwanzi, sukuma uchafu utoke, dondoshea mafuta ya taa, bonyeza na kuachia mara nyingi. Mara nyingi kinafufuka siku hiyo hiyo. Singe isiyo na tundu ama ni ya kabla ya 1916 ama ilikosa kutobolewa baadaye. Usitoboe wewe.

Kitufe kikiingia na kubaki ndani bila kusukuma nyuma, springi imekwisha. Fundi wa kufuli au wa saa anaweza kuifungua, mwambie asichonge nati mpya wala kubadili skrubu, na akurudishie kila kipande cha zamani kwenye karatasi.

Dalili: vibao vya mpini vinacheza, vimepasuka au vina vumbi la unga

Kucheza kunatokana na mbao iliyosinyaa. Kaza skrubu robo mzunguko, si zaidi, mbao ya miaka mia inapasuka bila kuonya. Unga mwepesi unaomwagika ni fukusi. Funga mpini kwenye mfuko wa plastiki, weka kwenye friza kwa wiki mbili, kisha uache urudi kwenye joto la kawaida ukiwa bado kwenye mfuko usije ukaloa. Nyufa ziache. Gundi kali inaacha alama nyeupe isiyotoka.

Kabla hujapiga msasa mbao, zitazame. Vibao vyenye mifereji miwili ya kwenda juu ni vya singe ya muundo wa 1913, iliyotengenezwa kwa wingi Marekani na kiwanda cha Remington. Inafanana mno na ile ya 1907 lakini haiingii kwenye bunduki yake. Mifereji iliwekwa ili askari wazitofautishe. Nimeshaona mtu "amelainisha" vibao hivyo vikawa tambarare, akafuta jibu la swali alilokuwa akiniuliza.

Ukijani kwenye shaba, kama mpini wa singe ya Kijerumani ya 1871, ni mafuta ya ngozi yaliyokutana na shaba. Kijiti cha mti na mafuta ya taa vinatosha.

Dalili: maandishi hayasomeki, au yanapingana

Kutosomeka kwa kawaida ni uchafu tu. Zima taa, washa tochi ya simu ukiilaza sambamba na bapa, na uzungushe polepole. Kivuli kitaziinua herufi. Isipotosha, sugulia chokaa ya ubaoni, ufute kwa kiganja, weupe utabaki ndani ya herufi. Zikiwa zimeshafutwa na msasa, hakuna dawa, na usimruhusu mtu yeyote azichonge upya.

Kupingana ndiko kunakowachanganya wengi, na swali nambari moja ni hili: "Imeandikwa 1907, kwa nini unasema ni ya 1916?" Kwenye singe ya Kiingereza, 1907 ni mwaka wa muundo. Iko chini ya taji na herufi za mfalme, GR au ER kwa za mwanzo kabisa. Mwaka wa kutengenezwa uko chini yake kwa udogo, mwezi kisha mwaka: 1 '16 ni Januari 1916. Chini ya hapo jina la kiwanda. Wilkinson wa London na Sanderson wa Sheffield ndio waliotengeneza nyingi, kisha Chapman wa Sheffield, kiwanda cha serikali cha Enfield, Mole wa Birmingham, na Vickers kwa idadi ndogo, hivyo ukiipata Vickers umepata kitu. Nje ya Uingereza kuna Lithgow ya Australia na Ishapore ya India. Upande wa pili wa bapa utaona mshale mpana, alama ya mali ya serikali, na X inayoonyesha kwamba bapa lilijaribiwa kwa kupindishwa likarudi. Mishale miwili inayogusana ncha ina maana singe iliondolewa jeshini na kuuzwa.

Muundo huo wenyewe ulitokana na singe ya Kijapani ya Arisaka. Uingereza ilikuwa imeingiza bunduki fupi zaidi, ikahitaji bapa refu kufidia urefu uliopotea.

Kwa Kijerumani, geuza singe utazame mgongo wa bapa, karibu na mpini. Taji, herufi ya mfalme, na tarakimu mbili za mwaka: W ni ya Prussia, L ya Bavaria. Jina la kiwanda liko shinani mwa bapa, mara nyingi likitaja mji: Solingen, Suhl, Erfurt, Oberndorf. Ile pana kuelekea nchani, bapa lake kama sentimita 37, ni ya muundo wa 98/05.

Ukisoma SIMSON, SUHL usikimbilie kusema ni ya Mjerumani. Kiwanda hicho kiliitengenezea pia Ureno singe za bunduki yake ya 1904, fupi, bapa la sentimita 28 hivi. Hizo zinatokea zaidi kusini, na kwa sababu nzuri: tarehe 25 Novemba 1917 jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, liliwapiga Wareno pale Ngomano, mtoni Ruvuma, likajitwalia silaha zao.

Dalili ya udanganyifu: herufi zenye kingo kali na rangi angavu ndani, wakati chuma kinachozizunguka kimechakaa. Herufi na bapa huzeeka pamoja.

Dalili: urefu hauendani na vitabu

Bapa la 1907 ni sentimita 43. Likiwa kama 30, chanzo cha kawaida ni India: wakati wa Vita vya Pili singe nyingi zilifupishwa huko na nyingine zikatengenezwa fupi tangu mwanzo. Ncha yake imechongwa sawasawa pande zote, na kwa zilizofupishwa mfereji wa bapa unafika hadi nchani. Ikiwa ncha imeinama upande mmoja, imefupishwa mtaani ili iwe kisu.

Fimbo ya chuma ya sentimita 20 isiyo na makali, ambayo mafundi wengi huidhani nyenzo yao, ni singe ya bunduki ya Kiingereza namba 4 ya Vita vya Pili. Ikiwa imechongwa kwa umbo la msalaba badala ya duara, itazame kwa makini: toleo hilo la kwanza lilitengenezwa na Singer, kiwandani Clydebank, Scotland. Ni Singer hao hao wa cherehani.

Na iliyochakaa kwa kazi ya nyumbani? Muheza nilionyeshwa singe ya 1907 iliyosimikwa kwenye gogo uani, ikifanya kazi ya kifuo. Ncha imelika ikawa butu, upande mmoja umelainika kwa makumbi, lakini shinani, chini ya pale kumbi linapofika, taji na jina SANDERSON yanasomeka bila tochi. Bibi mwenye nacho akaniambia, "Mwanangu, hiki kimefua nazi kabla sijaolewa." Kwa singe ya namna hiyo sina cha kurekebisha. Ulikaji ule ni sehemu ya maisha yake, ukiunyoosha unaifuta. Niliomba kupiga picha, nikashukuru.

Dalili: ina kulabu kwenye kinga ya mkono

Singe za 1907 za mwanzo zilikuwa na kulabu chini ya kinga ya mkono. Mwaka 1913 ikaondolewa kwenye muundo na nyingi zikakatwa. Zilizobaki ni ghali, kwa hiyo zinaghushiwa. Tazama kwa kioo cha kukuzia pale kulabu inapoungana: mstari, vitundu vya kuchomelea au rangi tofauti ya chuma vinaonyesha kazi ya karakana. Kulabu kwenye singe iliyogongwa mwaka wa 1915 au zaidi, usinunue.

Dalili: hadithi ya muuzaji haiendani na chuma

"Hii ni ya vita vya Tanga." Kila muuzaji husema hivyo, na wengi wanaamini kweli kwa sababu waliambiwa na babu. Usibishane naye, soma tarehe.

Singe ya Kiingereza iliyogongwa baada ya Novemba 1914 haikuwepo Tanga siku zile. Ya 1916 au 1917 inaweza kuwa ilifika kwenye mapigano ya baadaye kusini, au ilikuja na KAR miaka mingi mbele. Ya miaka ya 1940 ni ya Vita vya Pili, na askari wetu waliopelekwa Burma nao wana haki ya kukumbukwa kwa vita vyao wenyewe.

Ya Kijerumani ina kipimo kikali zaidi. Tangu vita vilipoanza bahari ilifungwa. Meli mbili tu za mizigo zilipenya kuja koloni hili: Rubens, Aprili 1915, na Marie, iliyofika Sudi karibu na Lindi Machi 1916. Novemba 1917 walijaribu kutuma chombo cha angani, L59, nacho kikageuzia Sudan. Kwa hiyo taji, W na 17 au 18 mgongoni mwa bapa maana yake ni moja: singe hiyo ilikuja Afrika Mashariki baada ya vita, pengine kwenye sanduku la mlowezi au mfanyabiashara. Bado ni singe halisi, ila si ya Schutztruppe, jeshi la Wajerumani la koloni, na bei ya Schutztruppe usiilipe.

Ya Kiingereza ya kabla ya 1914 nayo haithibitishi kwamba mwenye nayo alipigana upande wa Mwingereza. Jeshi la Jenerali Aitken wa Uingereza lilipoondoka Raskazone liliacha nyuma bunduki za kutosha kompania tatu, bombomu (bunduki za rashasha) 16 na risasi 600,000. Askari wa Lettow-Vorbeck, wengi wao wakiwa bado na bunduki za Mauser za 1871 zenye moshi unaowafichua, walizichukua zile mpya wakapigana nazo. Singe iliyoshuka na askari wa Uingereza Novemba inaweza kuwa ilikuwa Jasin Januari upande wa pili.

Ndiyo maana mahali ilipookotwa pana uzito kuliko hadithi ya bei. Muulize muuzaji: ilitoka shamba gani, nani aliichimba, ilikuwa na nini pembeni. Akisema haijui, andika hivyo hivyo. Kadi yangu ya kila singe ina mahali, mwaka nilioipata, chapa zote kama zilivyo hata nisizozielewa, urefu wa bapa, na kile nilichofanya kuisafisha, hata kama ni mswaki mkavu tu. Kadi inafungwa kwa uzi wa katani kwenye pete ya mtutu, na inaandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino unafifia na mafuta yanaupakaza.